Kuhusu lile swali la mwanafunzi wako

Tanga, Jumapili jioni

Swahibu yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto wote. Sisi huku wazima, joto tu ndilo linatutesa.

Tangu uliponipigia simu Alhamisi sijatulia. Umewaambia kidato cha pili kwamba kati ya chembe na chembe za hewa hakuna kitu, mtoto mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama hakuna kitu, sasa zinatenganishwa na nini?" Darasa likaangua kicheko, nawe ukageukia ubao. Nimekuonea haya kidogo, usikasirike. Yule mtoto hakuwa na mzaha. Swali hilohilo liliwagombanisha Wagiriki karne ya 5 KK, na waliogombana hawakuwa wajinga.

Alianza Parmenides wa Elea, mji wa Wagiriki kusini mwa Italia: kisichokuwapo hakifikiriki wala hakisemeki. Melissus wa kisiwa cha Samos akaisukuma hoja mpaka mwisho. Ili kitu kisogee, lazima pawe na nafasi tupu ya kusogelea. Utupu ni si-kitu. Si-kitu hakipo. Basi hakuna kinachosogea. Na huyu Melissus alikuwa jemadari wa majini, aliyewapiga Waathene baharini karibu mwaka 440 KK! Mtu ameongoza merikebu vitani, kisha anasema hakuna mwendo. Nilicheka, halafu nikajaribu kuonyesha amekosea hatua ipi, kicheko kikakatika.

Leucippus na Democritus, Wagiriki wengine wawili, hawakubishana na ngazi zile za hoja, walizipanda kwa kuanzia juu. Mwendo upo, tunauona. Basi utupu nao upo. Ulimwengu ni vitu viwili tu: chembe zisizokatika, yaani atomu, na utupu zinamopita. Democritus, kwa utundu, alichukua neno mēden, la "si kitu", akalikata kichwa likabaki den, yaani "kitu", akasema den haina haki zaidi ya kuwapo kuliko mēden. Kwa Kigiriki ni kukata kwa nguvu, neno halina kiungo pale. Sisi tungeondoa ha- kwenye "hakuna" tukabaki na "kuna", wala damu isitoke.

Hapo ndipo niliposimama nikatembea uani. Ukifunua mtungi mtupu unasema "hamna kitu". Ile m ni nini? Ni mle ndani. Kitu hakimo, lakini mahali pamebaki, tena ndipo kiima cha sentensi. Hapana, hakuna, hamna: tunakanusha kitu huku tumeshika mahali pake. Melissus angezaliwa Pangani, hoja yake ingemkwama kooni. Najua, sarufi si fizikia, usinirukie. Ila mtoto wako anauliza kwa Kiswahili, mjibu kwa Kiswahili: hamna kitu, lakini mna nafasi.

Sasa Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki aliyewafuata, ambaye ndiye hasa aliyenikalisha macho. Utupu aliukataa katakata, na sababu zake nyingine ni dhaifu. Moja lakini! Alisema: ndani ya utupu hakuna atakayeweza kueleza kwa nini kitu kilichosukumwa kisimame hapa badala ya pale. Kwa hiyo ama kitatulia, ama kitakwenda bila kikomo mpaka kizuiwe na chenye nguvu zaidi. Aliyasema hayo ili kuonyesha jinsi wazo la utupu lilivyo la kipuuzi. Mwaka 1687 Newton aliweka jambo hilohilo kuwa kanuni yake ya kwanza ya mwendo, ile unayowakaririsha kila mwaka. Aristotle aliishika mkononi zaidi ya miaka elfu mbili kabla, akaitazama, akaitupa kwa kuwa haikufanana na mkokoteni wowote aliowahi kuuona.

Zeno, yule Mgiriki wa fumbo la Achilles mwenye mbio asiyemfikia kobe, nimemwacha, unamjua. (Kobe, kwa taarifa yako, hayumo kwa Aristotle, mle mna "mkimbiaji wa polepole kuliko wote" tu. Kobe aliletwa na wafafanuzi wa baadaye.)

Kuhusu wakati, Aristotle aliuita hesabu ya mwendo kwa kabla na baada. Anawataja watu waliosimuliwa kulala huko kisiwani Sardinia kando ya mashujaa: wakiamka, huunganisha sasa ya kulala na sasa ya kuamka, ya katikati wakayaona hayakuwapo. Ndivyo ninavyokuwa baada ya pilau ya Ijumaa, na mke wangu hakubali hoja hiyo.

Nimempa konda wa basi la Jumatano kiroba cha machungwa ya Muheza. Kimejaa mpaka nimekishona kwa taabu. Kabla shemeji hajakifungua, mwite yule mtoto, uwe na kilo moja ya mchele karibu, umuulize kama kimejaa kweli. Kisha uniandikie alivyojibu, neno kwa neno.

Wako,
yuleyule wa dawati la nyuma