Ada ya usajili wa gari Ufaransa haina bei moja

Mhariri,

Wakenya wengi tunaohamia Ufaransa hudhani usajili wa gari ni kama nyumbani, ambako ada ni ileile uwe Mombasa au Kisumu. Huku kila jimbo hujipangia bei yake. Gari hupewa idadi ya “farasi wa kodi”, yaani kipimo cha kodi kinachotokana na nguvu ya injini, na kila farasi hulipiwa.

Mwaka 2022 farasi mmoja alikuwa yuro 51 Bretagne, yuro 33 Hauts-de-France na yuro 27 tu Corsica. Kwa gari dogo la farasi watano, mkazi wa Rennes, huku Bretagne, alilipa yuro 255 na wa Lille, kule Hauts-de-France, 165, kabla ya vijitozo vingine.

Mimi nilijiona mjanja nikanunua langu Lille. Kumbe kinachoangaliwa ni anwani ya mwenye gari, si mahali liliponunuliwa! Cha kuchekesha, namba ya wilaya kwenye kibao cha namba za gari unaichagua upendavyo, hata ya Corsica, lakini bei hairudi nyuma.

Majimbo yanahitaji mapato, sawa. Ila gari langu halili barabara za Bretagne tu. Bei moja ya taifa, mapato yagawanywe baadaye, ingetosha.

Msomaji wako,
Rennes, Ufaransa