Usinunue Kabureta Kwanza

Chumbageni, Tanga

Sahibu yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Huku sote wazima. Barua yako nimeipata juzi, na nilipofika pale unaposema unataka kununua kabureta mpya, kile kifaa kinachochanganya mafuta na hewa, moyo ulinishtuka. Tafadhali, hiyo pesa iweke kwanza.

Unasema mgongo wa chura wako, hiyo Volkswagen, anatetemeka akisimama, anamisi, yaani silinda nyingine hazichomi, asubuhi ana kwikwi mpaka apate moto, na fundi keshasema kabureta imekufa. Mimi nimepita hapo hapo. Mwaka jana nilifungua kabureta mara tatu, nikaosha jeti, vile vitundu vya kupitisha mafuta, nikazipuliza kwa kompresa, mwisho nikanunua nyingine. Gari langu likamisi vilevile. Jioni moja nikaliwasha, nikashika kitambaa kikavu, nikaanza kuchomoa waya za plagi mmoja mmoja na kusikiliza. Namba moja: injini ikashuka, nusura izimike. Namba mbili hivyo hivyo. Namba tatu, kimya, hakuna kilichobadilika. Namba nne pia. Sasa, tatu na nne zote ziko kushoto, na zote mbili zinavuta kupitia mpira mmoja, ule unaounga bomba la katikati, linalotoka kwenye kabureta, na lile la kwenye hedi, kichwa cha silinda. Nikaupapasa kwa chini, mahali jicho halifiki, kidole kikaingia kwenye ufa mrefu kama ukucha. Pale ndipo hewa ilipokuwa ikiingia bila kupita kwenye kabureta, mafuta yanakuwa haba, silinda mbili hazichomi sawasawa. Nilibadili mipira miwili na klampu zake, gari likatulia. Kabureta ya zamani niliirudisha, ndiyo ninayotembelea mpaka leo.

Kwa hiyo anza mbali na kabureta. Alfajiri, injini ikiwa baridi kabisa, pima nafasi ya valvu: milimita 0.15 zote. Halafu pointi za distribyuta, zile zinazokata umeme ili plagi zipige cheche: nafasi yake milimita 0.4. Pointi zikiungua au kukaribiana, gari humisi kwa namna ambayo utaapa ni mafuta. Hapo ndipo utafute hewa. Chukua chupa ya maji ya kupuliza, injini ikiwa inaunguruma, lowesha ile mipira na kitako cha kabureta, mbali na distribyuta. Mlio ukibadilika tu, umepata tundu.

Jambo la pili nakuomba ulitazame mwenyewe. Injini yako ni 1600, na kabureta imeandikwa ubavuni 34 PICT-3. Mafundi wengi wakitaka kupandisha sailensi, ile kasi ya injini gari likiwa limesimama, wanakaza skrubu ya kwenye mkono wa kebo ya mafuta. Kwenye hii hapana! Ile skrubu iguse tu ngazi ya chini kabisa ya choki, uiongeze robo mzunguko, uiache. Skrubu za kurekebisha ni mbili za ubavuni: kubwa ni ya kasi, ndogo ni ya mchanganyiko. Ndogo ikaze taratibu mpaka mwisho bila nguvu, kisha irudishe mizunguko miwili na nusu, uendelee kutafuta kwa sikio mahali injini inapotulia. Mkono ukishachezewa, hizi mbili hazisikii tena, na hapo ndipo kabureta nzima inaposingiziwa. Washa swichi pia bila kupiga stati, uchomoe na kurudisha ule waya wa valvu ya umeme ya ubavuni. Lazima isikike “tik”. Isiposikika, gari halitashika sailensi hata ufanye nini.

Hizo kwikwi za asubuhi, mimi nashuku baridi ya Arusha. Chini ya bomba la katikati kuna bomba jembamba linalopitisha moshi wa moto ili bomba lisipoe na mafuta yasirudi kuwa matone njiani. Masizi yakiliziba, hapa Tanga hutajua, maana joto lipo tu. Huko utajua. Endesha dakika kumi, kisha ligusie upande wa kushoto na wa kulia kwa haraka. Ukiweza kulishika na kuendelea kulishika, limeziba, linataka kuzibuliwa kwa waya mgumu.

Usisahau vilevile kwamba uliondoka usawa wa bahari ukapanda mita 1,400 hivi. Hewa ni nyepesi, jeti ni zile zile, mafuta yanazidi. Na yule aliyekwambia gari hizi si za milimani, mwambie Volkswagen 1200, yenye injini ndogo kuliko yako, ndiyo iliyoshinda Safari Rally mwaka 1962.

Mipira miwili nimeshakununulia, naikabidhi kwa dereva wa basi la Ijumaa. Kabla haijafika, fungua plagi zote nne baada ya safari ndefu, uzipange kwa namba, uniandikie rangi ya kila moja: nyeusi ya masizi, nyeupe, au kahawia. Usizifute.

Ni mimi sahibu yako.