Barua kwa mwanangu Furaha: Jumapili inaanza Alhamisi

Bukavu, Jumatano jioni

Mwanangu Furaha,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakusalimu wewe, baba watoto na mjukuu wangu huko Goma. Sisi huku ni wazima. Mvua inanyesha kila alasiri na vijia vya Kadutu vinateleza, lakini tunamshukuru Mungu.

Nimesikia kwamba shirika lenu la kanisani limekukabidhi vitambaa vya altare na usafi wa kanisa, na kwamba Jumapili hii hii wakwe zako na shemeji zako wanakuja kula kwako, watu kama 30. Umeniuliza uanzie wapi. Anza na maji na moto, mama. Hivyo viwili havitaki haraka. Kitambaa kilichokunjamana kitapigwa pasi tena, wali ukipungua utaongeza ndizi, lakini maji machafu na moto uliosahauliwa madhara yake hayarudishiki. Ndiyo maana nakuambia Jumapili yako inaanza kesho Alhamisi.

Kesho jaza bidoni (madumu) za maji. Kwa watu 30 weka nane za lita 20: mbili za kunywa, mbili za kupikia, nne za vyombo, mikono na choo. Usingoje Jumamosi, siku hiyo kila nyumba inafua na robine (bomba) ikikauka utapanga foleni mpaka jioni. Kama maji ni ya ziwani, yaache yatulie usiku kucha, kisha yamimine polepole kupitia kitenge safi kilichokunjwa mara nne, na tope la chini ulimwage. Hapo ndipo utie dawa. Kwa maji ya javeli yenye klorini asilimia 5, yasiyo na harufu ya maua wala sabuni, ni matone mawili kwa lita, yaani 40 kwa bidoni moja. Tikisa, funga, ngoja dakika 30. Maji yakiwa bado na ukungu, tia mara mbili. Baada ya nusu saa yanapaswa kunukia klorini kidogo. Yasiponukia kabisa, rudia kipimo kilekile na ungoje tena. Watu wengi hutia dawa kwenye maji ya tope bila kuyachuja, tope linaila dawa yote na wadudu wanabaki. Bidoni za kunywa zifunge kitambaa shingoni ili watoto wasizichanganye na za kufulia.

Sasa vitambaa. Hapa nataka uwe makini, maana si kufua tu. Purifikatori ndiyo inayofuta kalisi, kikombe cha divai ya Misa, na korporale ndiyo inayotandikwa chini ya kalisi na patena, sahani ya hostia, kwa hiyo zinaweza kuwa na mabaki ya Mwili na Damu ya Bwana. Hati ya Roma ya mwaka 2004, Redemptionis Sacramentum, inasema ni vyema vitambaa hivyo visafishwe kwanza kwa maji, kwa mkono, na maji hayo ya kwanza yamwagwe kwenye shimo takatifu la sakristia au ardhini mahali panapofaa. Usiyamwage chooni wala kwenye mfereji wa barabara. Chagua pembe ya bustani ambayo watu hawakanyagi. Weka beseni moja kwa kazi hiyo peke yake, usilichanganye na la nguo za mtoto. Suuza hiyo ikiisha, unafua kwa sabuni kama kawaida.

Doa la divai halitaki maji ya moto mwanzoni wala kusuguliwa. Loweka kwenye maji baridi yenye chumvi. Likibaki, na kitambaa ni pamba nyeupe au kitani, kitandaze juu ya bakuli, kikaze kwa mpira, umimine maji yanayochemka kutoka juu, mkono mmoja hivi, yapite katikati ya doa. Rangi ya midomo ina mafuta, kwa hiyo ipake sabuni ya vyombo ikiwa kavu, isugue kwa kidole, ndipo ulete maji. Ukianza na maji, mafuta yanajificha ndani ya nyuzi. Nta ya mshumaa iache igande kabisa, ing'oe kwa mgongo wa kisu, kisha weka karatasi isiyo na maandishi juu na chini na upitishe pasi ya joto la kadiri. Karatasi inakunywa nta. Badilisha karatasi kila inapolowa, la sivyo unairudisha nta kitambaani.

Kwa amidoni, yaani maji ya wanga ya kuchovya kitambaa ili kikae kigumu, koroga kijiko kimoja kikubwa cha wanga wa muhogo kwenye robo lita ya maji baridi mpaka vibonge viishe, uimimine kwenye lita moja ya maji yanayochemka huku unakoroga, mpaka rangi nyeupe igeuke kama kioo. Ukitia wanga moja kwa moja kwenye maji ya moto, unapata vibonge, na vibonge ndivyo vinavyonata kwenye pasi na kuacha madoa ya kahawia. Piga pasi kitambaa kikiwa na unyevunyevu. Korporale ikunje mara tatu kwa mara tatu, pande zote zikiingia ndani, ikifunguliwa uone mraba tisa. Ikikunjwa hivyo, punje yoyote iliyodondoka inabaki ndani na haianguki sakafuni. Purifikatori ikunje mara tatu kwa urefu, kisha uilaze nusu.

Na hapa kwenye pasi nisikilize vizuri. Moto wa nyumba unaweza kuanza hivi: mtu anapiga pasi Jumamosi jioni, umeme unakatika, anaiacha pasi imelala juu ya kitambaa ikiwa bado imechomekwa, anawasha mshumaa, anaendelea na mambo mengine, asubuhi anafunga mlango na kwenda Misa. Umeme unarudi saa tatu na nusu, watu wote wako kanisani. Umeme ukikatika, mkono wako wa kwanza uende kwenye plagi, wa pili uisimamishe pasi wima. Fanya hivyo hata kama unaona utarudi baada ya dakika moja. Friji na televisheni nazo zichomoe, kwa sababu umeme unaporudi mara nyingi unakuja na nguvu ya kupita kiasi, kisha unashuka na kupanda. Umeme ukisharudi, hesabu dakika kumi kabla ya kuchomeka friji. Kabla ya kutoka kwenda Misa, shusha swichi kuu ya nyumba. Kama friji ina nyama ya wageni, acha mlango wake umefungwa, itakaa na baridi masaa manne bila shida. Kama unatumia pasi ya makala (makaa), ipepee nje mpaka majivu yatulie, na uijaribu kwanza kwenye kitambaa cha jikoni.

Mbabula, jiko la makala, isiingie chumbani, hata usiku ule wa baridi ya Goma unaposhuka na mtoto anakohoa. Makala yaliyowaka vizuri, mekundu, bila moshi, ndiyo yanayodanganya watu: hewa yake ya sumu haina harufu wala rangi. Mtu anaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, anadhani ni malaria au uchovu, analala. Ukiona watu wawili wa chumba kimoja wanaumwa kichwa pamoja, watoe nje kwanza, maswali baadaye. Na kama wageni watapenda kwenda kukaa karibu na ziwa baada ya chakula, usitandike mkeka kwenye bonde wala shimo la mawe ya volkano. Huko Goma kuna mazuku, hewa nzito ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kutulia mahali pa chini, hasa usiku na asubuhi kabla ya jua na upepo. Inaua mbuzi, inaua na mtoto aliyeinama kuokota mpira. Kaeni mahali pa juu penye upepo, na usiruhusu mtu ashuke kumfuata aliyeanguka bila kwanza kuita watu na kamba.

Chakula sasa. Kwa watu 30, maharagi makavu kilo 3 na mchele kilo 3 vinatosha kama kuna sombe, yaani majani ya muhogo, na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, pembeni. Sufuria ya maharagi iwe ya lita 20, maana yanavimba zaidi ya mara mbili. Yaloweke Ijumaa usiku, Jumamosi asubuhi mwaga maji hayo, na uyachemshe siku hiyohiyo. Goma na Bukavu ziko mita 1,500 hivi juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi na si 100, kwa hiyo maharagi yanachukua muda mrefu kuliko kule chini Uvira. Hesabu masaa mawili, au matatu kama ni ya mavuno ya zamani. Nyanya usitie mpaka uyaminye kwa vidole viwili yapondeke, kwa sababu uchachu wake unayafanya yagome kuiva.

Yakiungua chini, usikoroge wala kukwangua! Ondoa motoni, mimina ya juu kwenye sufuria nyingine, acha iliyoshika chini ibaki palepale. Ladha ya kuungua inaenea kwa mwiko. Chumvi ikizidi, watu watakuambia utie viazi vinyonye. Viazi havichagui chumvi, vinakunywa mchuzi tu pamoja na chumvi yake. Dawa ni kuongeza maharagi mengine yasiyo na chumvi, ndiyo maana bakuli moja la yaliyochemshwa tu liwekwe pembeni kabla ya kuunga.

Sombe usiiharakishe. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi; kuyatwanga mpaka yalainike kabisa kunaifungua, na kuyachemsha sufuria ikiwa wazi kunaitoa. Chemsha bila mfuniko nusu saa nzima kabla ya kutia mawese, vitunguu, pilipili mboga na puaro (liki). Sambaza zikaange mwishoni, na mafuta yakiwaka moto, funika sufuria kwa mfuniko au kwa sinia na uondoe mbabula. Ukimwaga maji, moto unaruka hadi usoni. Aliyeungua apewe maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, majivu, mafuta, vyote hapana, vinafungia joto ndani.

Wali uliobaki usilale mezani mpaka Jumatatu. Ugawe moto moto, kila shemeji aondoke na kibakuli chake ndani ya masaa mawili. Kuna bakteria inayokua kwenye wali uliopoa taratibu, na sumu yake haifi hata ukichemsha upya. Doa la mawese kwenye kitambaa cha meza litakuja tu, usikasirike mbele ya wageni. Nyunyiza unga, ngoja unywe mafuta, upanguse, upake sabuni ya vyombo, ufue kwa maji ya moto, kisha uanike kwenye jua kali. Rangi ya mawese inakufa juani, hata ile ambayo sabuni imeshindwa kuitoa.

Kuhusu usafi wa kanisa sina mengi. Fagieni Jumamosi saa nane, kabla korali haijaanza mazoezi. Javeli usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi wala na siki, hewa inayotoka inachoma mapafu. Maua yakatwe mashina kwa mshazari na maji yabadilishwe siku hiyohiyo.

Michango ya shirika iandike pale pale unapopokea, mbele ya aliyetoa: tarehe, jina, kiasi. Franki kwenye ukurasa wake, dola kwenye wake, usibadilishe moja kuwa nyingine kichwani, kwa sababu bei inapanda na kushuka na mwisho wa mwezi hesabu haitakubali. Noti ya dola ukague pembe zote nne. Yenye mpasuko mdogo tu itakataliwa sokoni, na wewe ndiye utakayeilipa. Pesa hizo zisilale kwenye mkoba wako wa soko.

Na matanga yakitokea katikati ya haya, yaani mtu wa ukoo akifariki, usijikaze kufanya vyote viwili. Matanga yanakwenda mbele. Mwite rais wa shirika mapema, umpe ufunguo wa sakristia mkononi, pamoja na karatasi inayoonyesha vitambaa vingapi viko kabatini, vingapi viko kwako na vingapi bado vina maji. Wakwe zako nao waambie mapema, na mumeo awe ndiye anayewaambia, siyo wewe.

Nimempa mama wa boti mfuko kwa ajili yako. Ndani kuna maharagi kilo 3 ya mavuno mapya, mpira wa kukazia kitambaa kwenye bakuli, na chupa ndogo yenye mdomo wa kudondoshea, ya kuhesabia matone ya javeli. Mfuko utafika bandarini Ijumaa mchana. Tuma mtu aende kuuchukua kabla ya giza, na maharagi uyaloweke usiku huohuo.

Mama yako anayekupenda