Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam: mkojo upimwe kabla ya kuandika "kifafa"

Ndugu Mganga Mkuu,

Salaam. Ombi letu ni la gharama ndogo. Mwanamke wa miaka 15 hadi 45 akianguka kifafa kwa mara ya kwanza, au akirukwa na akili ghafla, asiruhusiwe kutoka hospitali za Amana, Temeke au Mwananyamala kabla hajapimwa mkojo kwa stripu (kijikaratasi cha kupimia kinachobadilika rangi) na picha kamili ya damu (hesabu ya chembe zake). Tunayemtafuta ni lupasi.

Katika ugonjwa huu kinga huushambulia mwili wenyewe, na kati ya wagonjwa kumi takriban tisa ni wanawake. Tumezoea kuusubiri kwenye viungo na ngozi, ilhali mara nyingine huanzia kichwani: degedege, kuona visivyokuwepo, kiharusi katika umri mdogo, miguu kufa ganzi. Mwaka 1999 wataalamu wa Marekani waliorodhesha aina 19 za matatizo ya ubongo na neva yanayoletwa nao. Nyumbani watu watasema majini, kliniki itasema kifafa, na vidole vinavyokaza asubuhi haviulizwi popote. Upele nao hupotosha: kwenye ngozi nyeusi si mwekundu kama wa vitabuni, hukoza weusi au zambarau. Makovu yatafutwe hata ndani ya sikio.

Malaria, sukari kushuka, VVU na homa ya uti wa mgongo vitangulie kama kawaida, na antibaiotiki isicheleweshwe kwa kusubiri majibu yetu.

Mkojo tunautaka kwa kuwa lupasi hushambulia figo pia. Uwe mbichi, wa katikati ya kukojoa, na stripu isomwe kwa muda ulioandikwa kwenye kopo lake. Protini ++ (alama mbili za kujumlisha kwenye stripu), au damu kwa asiye kwenye hedhi, ni sababu ya kuzikagua figo haraka. (Kopo likiachwa wazi kwenye unyevu wa mji huu, stripu hudanganya, lifunikwe kila mara.) Kwenye damu, chembe nyeupe chini ya 4,000 au chembe sahani (zinazogandisha damu) chini ya 100,000 zitiliwe shaka, maana homa ya uti wa mgongo ya bakteria kwa kawaida hupandisha chembe nyeupe.

Kosa linalotuudhi zaidi liko kwenye kaswende. RPR (kipimo cha awali cha kaswende) ikiwa chanya na TPHA (kipimo cha kuithibitisha) hasi, si lazima iwe kaswende: kingamwili za lupasi hunasa mafuta yaleyale yanayotumika kwenye RPR. Huyo aulizwe kuhusu mimba kuharibika na damu kuganda miguuni. Akichomwa penisilini tu na kurudishwa nyumbani, dalili iliyokuwa mkononi imetupwa.

Hatuombi ANA (kipimo cha kingamwili zinazoshambulia viini vya seli za mwili) kwa kila anayeumwa kichwa. Hata wazima huwa nayo, hivyo ikiwa chanya peke yake haithibitishi kitu. Kiwango chake kikiwa chini ya 1:80 ndipo lupasi inakuwa mbali. Ipimwe pale dalili mbili zinapokutana.

Dawa za kifafa huzuia mtetemeko tu, uvimbe unaoletwa na lupasi kwenye ubongo huendelea. Mwenye hali kali huhitaji methiliprednisoloni (dawa ya steroidi ya kutuliza kinga) ya mshipa, mara nyingi gramu 1 kwa siku, siku 3, baada ya maambukizi kuondolewa shaka.

Tunakuomba uagize stripu zisikosekane wodi za dharura na kliniki za akili, na fomu ya rufaa ya kwenda Hospitali ya Taifa Muhimbili iwe na nafasi ya kuandika protini, chembe sahani, RPR na TPHA.

Wako katika huduma,
Wahudumu wa wagonjwa wa neva na viungo, Dar es Salaam