Habari za CERN zituambie na hesabu ya topu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie habari za fizikia zinazotufikia kutoka CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa chembe ndogo kabisa za maada. Tunasoma kwamba wanasayansi wameona dalili za chembe mpya, na habari inaishia hapo. Mimi nafundisha fizikia kidato cha tano na cha sita hapa Iringa, na wanafunzi wangu huuliza: wamejuaje kwamba si zile chembe za zamani? Jibu la swali hilo ndilo lenye utamu wote, nalo haliandikwi.

Chukua kwaki topu (hapa nitaiita topu tu), chembe ya msingi nzito kuliko zote zinazojulikana, iliyogunduliwa Fermilab, Marekani, mwaka 1995. Protoni zikigongana ndani ya LHC, mashine kubwa ya CERN ya kugonganisha chembe, topu mara nyingi huzaliwa mbili mbili na kuvunjika papo hapo, kila moja ikitoa kwaki nyepesi zaidi iitwayo b na chembe W. W nayo huweza kutoa elektroni au muoni (ndugu mzito wa elektroni), pamoja na nyutrino inayopita bila kuonekana. Sasa yupo mtafiti anayewinda maada ya giza iliyozaliwa pamoja na chembe Z. Anatazamia elektroni mbili au muoni mbili kutoka kwa Z, na nishati iliyopotea, kwa kuwa maada ya giza nayo hupita bila kuonekana. Zile kwaki b zisipotambuliwa, jozi ya topu humletea picha hiyohiyo.

Kompyuta huiga migongano, lakini data za LHC zimeonyesha kuwa topu zenye momenta kubwa (yaani zinazorushwa kwa nguvu zaidi) ni chache kuliko uigaji mwingi ulivyotabiri. Ukiutegemea uigaji peke yake, utazidisha topu palepale ambapo kitu kipya kingejitokeza, nacho kifunikwe. Kwa hiyo watafiti huzipima kwenye data zenyewe. W hutoa elektroni na muoni kwa uwiano sawa; basi kwa kila tukio moja la elektroni mbili na moja la muoni mbili, topu hutoa mawili yenye elektroni moja na muoni moja. Z haitoi mchanganyiko huo moja kwa moja. Yahesabu hayo ya mchanganyiko, rekebisha tofauti ya jinsi kigunduzi kinavyoona elektroni na muoni, nawe unajua topu ngapi zimejipenyeza kule unakowinda. Kwangu hii ni moja ya hoja nzuri kuliko zote katika fizikia ya leo, na kijana wa kidato cha sita anaifuata ubaoni bila shida.

Umuhimu wa hesabu hii ulionekana mwaka 2025. Kundi la CMS, moja ya majaribio makubwa ya LHC, likitafuta ndugu wazito wa chembe Higgs, lilikuta jozi za topu zimezidi karibu na GeV 345 (GeV ni kipimo cha nishati, ambacho pia hutumika kupima uzito wa chembe), yaani takriban mara mbili ya uzito wa topu moja. Watafiti wa ATLAS, jaribio jingine la LHC, nao wakaiona ziada hiyo. Huenda ni topu mbili zilizoshikamana kwa kitambo kifupi mno. Bila hesabu makini ya topu za kawaida, nani angeijua?

Kwa hiyo, Mhariri, habari kama hizi zikija tena, mwandishi wako aongeze aya moja: matukio ya kawaida yalikadiriwaje, na kwa shaka kiasi gani. CERN imeweka wazi sehemu ya data zake mtandaoni. Wanafunzi wetu wataweza kujaribu wenyewe.

Mwalimu wa Fizikia,
Iringa