Taarifa ya mwenyekiti kwa mwaka ulioisha, pamoja na hili suala la nesi

Ndugu wanachama na wazazi mnaouguza, habari zenu. Najua wengi mnasubiri suala la nesi wetu wa ushauri kwa simu, tutafika, ila katiba inataka nianze na shughuli.

Vikao vimefanyika, Mei 19 siku ya dunia ya magonjwa yetu ya uvimbe sugu wa utumbo, kama Crohn's, tumeadhimisha, fulana mliziona, mtu wa lishe alikuja akaongea vizuri. Hayo mnayajua.

Hela sasa. Kwenye daftari tuko 64, waliomaliza ada ya 24,000 ni 19, nusunusu zimetupa 132,000, wasamaria 410,000, jumla 998,000. Wengine hawajaweka hata mia tangu wajiunge lakini kwenye grupu ndio wa kwanza kuuliza hela imeliwa na nani. Ukumbi na fulana 215,000, nesi posho na vocha 720,000, imebaki 63,000, risiti ziko kwa dada mhazini, njooni mzione.

Haya, nesi. Nimesikia maneno, eti mwenyekiti kachukua hela ya dawa akampa mtu wa kwao. Ni kweli tunatoka wilaya moja, sasa hiyo ni kosa? Mimi ndiye niliyehangaika kumtafuta, kwa vocha yangu, na kamati ilipitisha, waliokuwepo wanajua. Mnasema hela ingenunua infliximab, dawa ya dripu ya magonjwa yetu. Ndugu zangu, ile dawa unawekewa wiki ya 0, ya 2, ya 6, halafu kila baada ya wiki 8, mtu wa kilo 60 kwa kawaida kila dripu anatumia chupa tatu za miligramu 100, kwa hiyo hela yetu isingemmalizia hata mtu mmoja dozi za mwanzo, na huyo mmoja tungemchagua vipi, kwa kura?

Nesi amepokea simu za watu ambao daktari wao bingwa wanamuona mara moja baada ya miezi. Kuna kijana wa Crohn's alikuwa anaumwa magoti akanunua diclofenac duka la dawa, nesi akamwambia acha hiyo inaweza kukuamshia tumbo, rudi kliniki, magoti nayo yanaweza kuwa ni ugonjwa uleule. Mwingine alichoka uso kuvimba akataka kuacha prednisolone, vidonge vyake vya steroidi, siku hiyohiyo, akaambiwa haiachwi ghafla, inapunguzwa kidogokidogo na daktari. Na yule mama wa Mbagala mwenye mfuko wa kinyesi tumboni, ngozi ilikuwa inaungua kila siku, kumbe tundu la mfuko alikuwa analikata kubwa mno, kinyesi kinagusa ngozi, nesi akamfundisha kupima upya utumbo uliotokeza na kuacha kama milimita mbili tu pembeni. Mkasi na karatasi ya kupimia, basi. Uingereza kliniki nyingi za magonjwa haya zina manesi wa fani hii na namba ya simu ya ushauri, sisi tumeanza na mmoja tunagombana.

Mkutano mkuu walikuja 11. Tumbo likichafuka mtu hatoki, hilo naelewa kuliko yeyote humu, ndiyo maana nilikwenda mwenyewe kukagua vyoo vya ukumbi, vitatu, karibu na mlango, maji yapo. Lakini kuna walioniambia wanaumwa halafu jioni nikaona status zao wako beach. Sitaji mtu.

Mwakani tunafikiria kuongea na watu wa bima kuhusu dawa na kolonoskopi, kile kipimo cha kamera kwenye utumbo mpana, na kama Mungu akijalia tuwe na mwakilishi Mwanza na Dodoma, tutaona. Mkataba wa nesi unaisha mwezi ujao na hiyo 63,000 haifiki miezi miwili, kwa hiyo wanaotaka aendelee walipe ada na wasiotaka waje kikaoni waseme, sio kunisemea pembeni.