Nakilini Kwanza, Ndipo Msahihishe: Barua ya Wazi kwa Waliokuwa Vijana Wangu wa Chama cha Uandishi

Wanangu wapendwa,

Nawaandikia ninyi mliopita mikononi mwangu katika miaka ya 1980, mkiwa vijana wa kidato cha tano na cha sita, mkitunga riwaya, tenzi na michezo ya kuigiza nyuma ya karatasi za mitihani kwa sababu madaftari yalikuwa hayapatikani. Wengi wenu sasa mmestaafu, au mnakaribia umri wa miaka 60 ambao mtumishi wa umma hutakiwa kuondoka ofisini, na nasikia kwa huyu na yule kwamba mmeanza kufungua masanduku na kuitafuta kazi mliyoiacha njiani. Habari hizo zilinifurahisha kwa muda mrefu. Siku hizi zimeanza kunitia hofu, na hofu hiyo ndiyo iliyonifanya niwaandikie hadharani badala ya kumpigia simu mmoja mmoja.

Miezi michache iliyopita nilialikwa kwenye uzinduzi wa riwaya ya mmoja wenu, ambaye sitamtaja kwa sababu nampenda na kwa sababu alichokifanya hakukifanya peke yake. Kadi ya mwaliko ilieleza kwamba ni riwaya aliyoianza akiwa shuleni. Nilikuwa nimeisoma wakati huo, ikiwa bado kwa mwandiko wake uliolala upande, na nilikuwa nikiikumbuka miaka yote hii. Baada ya hotuba, picha na chakula nilirudi nyumbani na nakala yangu, nikaisoma mpaka mwisho, na sikumwona humo yule kijana niliyemfundisha.

Riwaya ile ya kwanza ilimhusu binti mchuuzi wa samaki aliyekuwa akikesha kwenye foleni ya duka la ushirika. Mwandishi wake alieleza jinsi wanawake walivyoweka mawe na vikapu chini ili kushikilia nafasi zao, na jinsi ugomvi ulivyozuka alfajiri mtu alipolisogeza jiwe la mwenzake. Alieleza harufu ya unga wa njano. Alieleza mwaka 1983, wakati wa vita dhidi ya wahujumu uchumi, ambapo wenye bidhaa zilizofichwa walizitupa usiku kwa kuogopa kukamatwa, na binti yule akaokota ufukweni mche wa sabuni uliolowa, akaufunga katika upindo wa khanga, kisha akaogopa hata kuufulia. Katika kitabu kilichozinduliwa, yote hayo yamegeuka sentensi moja inayosema kwamba katika kipindi hicho nchi ilipitia changamoto za kiuchumi. Binti amepelekwa chuo, amekuwa mwenyekiti wa kikundi cha wanawake, na anazungumza kama taarifa ya mwaka ya idara. Nilipomwuliza mwandishi kwa upole mswada wa kwanza uko wapi, alinijibu kwa uchangamfu kwamba aliutupa baada ya kumaliza kuandika upya, kwa kuwa ulijaa utoto.

Wanangu, mimi niliusoma mswada ule, na nawaambia kwamba haukujaa utoto. Ulijaa mambo ambayo hakuna mtu mwingine aliyeyaandika kwa namna ile, kwa sababu watu wazima wa wakati ule walikuwa wakitafuta sabuni, na aliyekuwa na nafasi ya kusimama pembeni na kutazama alikuwa kijana wa shule mwenye kalamu. Yule kijana alikuwa shahidi. Ninyi wa leo mna sarufi safi zaidi, mna msamiati mpana zaidi, mmesoma na kusafiri, lakini hamkumbuki jinsi jiwe lilivyowekwa kwenye foleni kwa uwazi kama alivyokumbuka yeye aliyeliona asubuhi na kuliandika jioni. Mnapomsahihisha kabla ya kumsikiliza, mnamnyamazisha shahidi pekee mliye naye, na mkiutupa mwandiko wake mnahakikisha kwamba hata mtu mwingine hatamsikia.

Kwa hiyo nasema kwa msisitizo wote nilio nao: kabla hamjabadili neno lolote, nakilini. Chukueni daftari jipya, au kompyuta kama mmeizoea, mwandike upya kazi yote ya zamani kama ilivyo, mstari kwa mstari, pamoja na makosa yake ya tahajia, pamoja na maneno aliyoyakata na yale aliyoyaandika pembeni. Pale wino ulipofifia au mchwa walipokula, wekeni nukta na mseme kwamba hapo hapasomeki; msijaze kwa kubahatisha. Kama mlitumia lafudhi na maneno ya kwenu, ya Mtang'ata au ya Pemba au ya bara, yaacheni mahali pake hata kama leo mnayaonea haya mbele ya wasomi. Msimpe kijana wa steshenari awachapie, kwa maana atanyoosha kila kilichopinda akidhani anawasaidia, na mkitumia kompyuta zimeni ile programu inayorekebisha maneno yenyewe. Kazi hii inachosha macho na mgongo. Hata hivyo ifanyeni wenyewe, kwa kuwa mkono unaponakili taratibu ndipo akili inapokutana na swali lililomsumbua kijana yule, na bila swali hilo hamtajua ni kitu gani mnachorudi kukimalizia.

Mkishanakili, uhifadhini mwandiko wa kwanza mahali pakavu, mupige picha kila ukurasa, picha hizo muwape watu wawili wasioishi nyumba moja. Baada ya hapo, katika daftari jingine kabisa, sahihisheni mpendavyo. Sipingi kusahihisha, nimetumia maisha yangu yote nikisahihisha. Ninachopinga ni kusahihisha juu ya nakala moja tu iliyobaki duniani.

Shaaban Robert, ambaye sisi wa Tanga tunamwona kama babu wa nyumba ya kila mmoja wetu, alisimulia maisha yake mara mbili. Kwanza aliandika *Maisha Yangu*, na baadaye, alipokwisha kutimiza nusu karne ya umri, akaandika *Baada ya Miaka Hamsini*. Angeweza kuifuta sauti ya kwanza na kuisimulia habari yote upya kwa busara ya uzee. Aliiacha isimame, akaongeza ya pili kando yake, na leo tunazisoma zote katika kitabu kimoja, tukimwona mtu mmoja katika nyakati zake mbili.

Mfano mwingine ninaopenda kuwakumbusha ni wa Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe. Alizaliwa mwaka 1896, na kufikia mwaka 1945 alikuwa amekamilisha kwa Kikerewe riwaya ndefu kuhusu maisha ya Wakerewe kabla ya ukoloni: ndoa, utasa, uganga, kilimo, ugeni, malezi. Hakupatikana mchapishaji wa kitabu cha Kikerewe. Mswada ulikaa kwa zaidi ya miaka 20. Mwishoni mwa miaka ya 1960, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 70, aliurudia na kuutafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikautoa mwaka 1980 kwa jina la *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali*. Alifariki mwaka 1981 kabla nakala za kitabu chake hazijamfikia. Jambo hilo huniuma kila ninapolikumbuka. Lakini tazameni pia alichokifanya: tafsiri ya Kiswahili haikumfanya autupe mswada wa Kikerewe. Ndiyo maana Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwenzetu aliyetoka kisiwa hichohicho, aliweza mwaka 2002 kuitoa kazi hiyo kwa Kiingereza akitafsiri moja kwa moja kutoka Kikerewe. Kama mzee Kitereza angefikiri kama yule mwanangu wa uzinduzi, Kikerewe kingepoteza kazi hiyo bila mtu kujua ukubwa wa hasara.

Nisiwalaumu ninyi peke yenu. Mliacha kuandika kwa sababu nchi iliwavunja moyo kwa njia nyingi, na ni haki niseme hivyo. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 karatasi zilikuwa adimu, na mswada uliopokelewa na mchapishaji ungeweza kukaa kabatini miaka mingi mpaka mwandishi wake akaoa, akazaa na kukata tamaa. Wazazi waliwauliza mashairi yanaliwa na mboga gani. Wasichana wangu, ambao baadhi yao walikuwa na vipaji kuliko wavulana wote wa darasa, waliambiwa na waume zao kwamba mke anayeandika usiku ana mtu anayemwandikia. Shule zikavifuta vyama vya uandishi ili wanafunzi wapate muda wa kukariri majibu ya mitihani. Na leo, wakati karatasi zipo, wachapishaji wetu wengi wanatazama kwanza kama kitabu kitaingia katika orodha ya shule, na kisipoingia hawana haja nacho.

Kuna jingine ambalo tunapaswa kuliona haya kama jamii. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna hazina ya miswada ya tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, iliyokusanywa miaka ya 1960 kutoka kwa familia za pwani ambazo zilikuwa zimeitunza vizazi kwa vizazi, wakiwamo watu ambao hawakujua kuandika hata wao wenyewe. Bibi zetu waliheshimu karatasi wasizoweza kuzisoma. Sisi tuliosoma tunamfungia muuza karanga madaftari ya baba zetu kabla arobaini haijafika. Nimeona karatasi za namna hiyo sokoni, zenye beti zilizotimia vina na mizani, na mwenye karanga hakuwa na kosa lolote.

Mambo mengine nitayataja tu. Msitumie kiinua mgongo kuchapa nakala elfu ambazo zitalala chini ya kitanda. Anzeni na chache. Kama utenzi au mchezo mliutunga wawili, mtafuteni mwenzenu, na kama ametangulia, waoneni watoto wake. Siri ya mtu aliye hai isitoke bila ridhaa yake, hata kama mlibadili jina. Hakimiliki ni yenu tangu siku mlipoandika, na kwa sheria yetu ya mwaka 1999 inaendelea miaka 50 baada ya kufa kwenu, kwa hiyo waambieni warithi. Mswada ambao haujachapishwa una pa kwenda: Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na Tuzo ya Safal-Cornell. Hotuba za uzinduzi zisubiri mpaka kitabu kiwepo.

Wapo walioniuliza kama mtu wa miaka 60 anaweza kweli kumalizia riwaya aliyoikatiza akiwa na miaka 19. Anaweza, lakini asijifanye kijana. Mkifika pale kalamu ilipokomea, acheni mshono uonekane kama kiraka kilichoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Wekeni tarehe, kisha endeleeni kwa sauti mliyo nayo sasa. Msomaji atavuka nanyi. Pengine mtagundua kwamba binti aliyeachwa ufukweni katika sura ya saba sasa ana wajukuu, na mnayajua maisha ya wajukuu hao kuliko kijana yule angeweza kuyawaza. Hapo ndipo umri wenu unapokuwa na faida, na ndipo ninapowasihi muutumie bila woga. Pengine pia mtasoma na kuona kwamba kazi ile imekamilika pale ilipokomea, na haihitaji chochote zaidi ya kunakiliwa na kuwekwa mahali salama. Hilo nalo ni jibu la heshima.

Na ninyi ambao miswada yenu imepotea kabisa, iliyoliwa na mchwa, iliyosombwa na mafuriko, iliyochomwa na mtu aliyehamia chumbani mwenu mlipokwenda Jeshi la Kujenga Taifa, msidhani barua hii haiwahusu. Kaeni chini mwandike mnachokumbuka: majina ya wahusika, ubeti mmoja uliobaki kichwani, mahali mlipokuwa mkikaa mlipouandika, na aliyewasikiliza mlipousoma kwa mara ya kwanza. Juu ya ukurasa andikeni kwamba hizi ni kumbukumbu za kazi iliyopotea, mtaje mwaka ilipoandikwa na mwaka mnaokumbuka, ili asije mtu akadhani ndiyo kazi yenyewe. Kisha mniletee, au mniletee nakala yake, na nitaisoma kwa kalamu ya risasi, bila wino mwekundu.

Mwalimu wenu wa Kiswahili,
Tanga